Kodiani ya vifungo au ya piano? Jibu kwa mpiga kinanda wa Ngamiani

Swali: Assalaam aleikum fundi. Mimi ni mpiga kinanda wa kikundi cha taarab hapa Ngamiani, Tanga. Tunataka kurudisha kodiani kundini. Nimeoneshwa mbili za mtumba. Moja ina vitufe kama vya piano, na vifungo 48 vya besi upande wa kushoto. Nyingine upande wa kulia ina vifungo vya duara vitupu, safu kwa safu. Muuzaji mwenyewe hajui ni ya aina gani, ila bei yake iko chini. Tuna waimbaji wawili na kila mmoja ana ki yake, yaani noti anayotaka wimbo uanzie, na nyimbo zetu nyingi ni za maqamu ya hijazi na nahawandi, ile mipangilio ya noti ya Kiarabu. Nichukue ipi? Na hii ya vifungo, kweli ni ngumu kama watu wanavyosema?

Jibu: Wa aleikum salaam, mdogo wangu. Usitoe hela kwanza. Kodiani za vifungo si za aina moja. Zinaweza kukaa mbili mezani usizitofautishe kwa macho, kumbe moja itakufaa mpaka uzeeni na nyingine haitakupa hata mstari mmoja wa hijazi kwa ki anayoitaka mwimbaji wako. Muuzaji hajui, sawa, lakini ala yenyewe itasema ukiibonyeza.

Nenda na simu yenye programu ya kupimia sauti, ile wanayotumia wapiga gitaa kutyuni nyuzi. Vaa kodiani, bonyeza kifungo kimoja cha mkono wa kulia na usikiachie, sukuma mvukuto, kisha vuta. Kama kusukuma kumetoa C na kuvuta kumetoa D, hiyo ni diatoni. Kama sauti imebaki ileile kwenda na kurudi, hiyo ni kromatiki. Jaribu vifungo kadhaa vya safu tofauti, usiridhike na kimoja, maana hata kwenye diatoni hutokea kifungo kilichotegwa sauti moja pande zote mbili.

Ikiwa ni diatoni, iache hapohapo, hata wakikupunguzia. Siidharau. Ndiyo mzazi wa kodiani zote: ile aliyoisajili Cyrill Demian kule Vienna mwaka 1829 nayo ilitoa sauti nyingine ukisukuma na nyingine ukivuta. Kila safu ni ki moja. Kwenye safu ya C ukisukuma unapata C, E na G, ukivuta unapata D, F, A na B. Ukitaka ki nyingine unahamia safu nyingine, na kama safu haipo, ki hiyo huna. Wameksiko wa kaskazini wanaipiga yenye safu tatu, G, C na F, na kwa muziki wa kuchezesha miguu hakuna inayoishinda, kwa sababu kila mvukuto unapogeuka sauti inaruka yenyewe.

Taarab haiendi hivyo. Mvukuto ndiyo pumzi yako, na unapomjibu mwimbaji unataka uamue mwenyewe pumzi ikatike wapi. Kwenye diatoni, noti unayoitaka ndiyo inayoamua kama utasukuma au utavuta. Halafu kuna hijazi. Hijazi ya D inadai E flati na F shap, yaani E iliyoshushwa na F iliyopandishwa nusu hatua, zikae jirani. Kwenye safu za G, C na F, ile F shap iko safu ya G, na E flati, kama ipo kabisa, imefichwa kwenye vifungo vya pembeni, tena upande mmoja wa mvukuto tu. Utahangaika nayo na bado mwimbaji wa pili hajaja na ki yake.

Tuseme umepima na sauti haibadiliki. Hapo ndipo swali lako linapoanza kuwa tamu.

Kodiani ya kromatiki ina noti zote 12 ndani ya safu tatu tu. Ukifuata safu moja kwa urefu, kila kifungo kinaruka nusutoni tatu (nusutoni ni hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili): C, E flati, F shap, A, kisha C ya oktavu inayofuata. Safu ya pili ni C shap, E, G, B flati. Ya tatu ni D, F, G shap, B. Ukienda kimshazari kuvuka safu, C, C shap, D, unapanda nusutoni moja moja. Basi, ramani yote ni hiyo. Safu ya nne na ya tano, kama zipo, hazina noti mpya: ya nne inarudia ya kwanza, ya tano inarudia ya pili. Ukiona muuzaji anasifia wingi wa vifungo, jua kwamba vingi ni marudio. Ila usiyadharau marudio hayo, nitarudi kwayo.

Sasa kuna mpangilio unaoitwa C na unaoitwa B, nao wanahusiana kama kiganja cha kulia na cha kushoto. Kuujua ulionao, bonyeza noti yoyote ya safu ya kati, kisha tafuta nusutoni moja juu yake. Ikiwa imekaa safu ya ndani, upande wa mvukuto, ni mpangilio C. Ikiwa imekaa safu ya nje, upande wa kiganja chako, ni B. Wafaransa na Waitaliano hupiga C. Warusi, na ile bayan, kodiani yao ya vifungo iliyopata jina hilo kwa fundi Sterligov wa Saint Petersburg mwaka 1907, hupiga B, na Wanorwei pia.

Watu hubishana upi kati ya hiyo ni mwepesi, na ubishi huo hauna mwisho. Kwa maoni yangu tofauti iko kwenye kidole gumba. Ukivaa kodiani, sauti nzito ziko juu karibu na kidevu, na gumba ndilo linalokaa juu huko, kwenye ukingo wa nje. Kwenye mpangilio C noti zinapanda kutoka nje kwenda ndani, kwa hiyo gumba linashika ya chini kwenye safu ya nje na vidole virefu vinafika ndani bila kujipinda. Kwenye B mwelekeo ni kinyume, na ndiyo maana Warusi wengi wa zamani walipiga kwa vidole vinne, gumba likabaki nyuma ya ubao kuishikilia ala. Wewe umezoea kinanda na gumba lako linafanya kazi, kwa hiyo ungeniomba nichague ningesema C. Lakini ikiwa iliyoko dukani ni B na ni nzima, ichukue B. Usijaribu tu kujifunza zote mbili. Mkono haujui kugeuza kioo katikati ya wimbo. Kampuni ya Roland imetengeneza kodiani za kielektroniki za vifungo ambazo unachagua C au B kwenye menyu, lakini menyu hiyo haibadilishi vidole vyako.

Nije kwenye waimbaji wako wawili, kwani hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Nina hakika kwenye kinanda chako unafanya kama wengi: umejifunza hijazi kwa D, mwimbaji akisema ipande kidogo, unabonyeza kitufe cha kuhamisha ki na unaendelea na vidole vilevile vya D. Kodiani haina kitufe hicho. Kwenye kodiani ya piano, mwimbaji akipandisha nusutoni tu, hijazi ya D iliyokuwa D, E flati, F shap, G inakuwa E flati, E, G, A flati (ndiyo ile G shap). Kwa D, noti mbili za katikati ni nyeusi na za pembeni nyeupe. Kwa E flati imegeuka: pembeni nyeusi, katikati nyeupe. Gumba lililokuwa mwanzoni sasa halina pa kukaa. Una ki 12 na kila moja inakudai vidole vyake, na wewe kwa miaka yote hiyo umetumia moja au mbili.

Kwenye vifungo angalia kinachotokea. Hijazi ya D kwa mpangilio C, ukihesabu safu kutoka nje: D iko safu ya tatu, E flati safu ya nne kimshazari, F shap ni kifungo kinachofuata kwenye safu hiyohiyo ya nne, G safu ya tano. Hijazi ya E flati: E flati safu ya kwanza, E safu ya pili, G kinachofuata kwenye safu hiyohiyo ya pili, A flati safu ya tatu. Ni umbo lilelile. Vuka safu, songa kimoja, vuka safu. Mwimbaji akitaka F, unaanzia F na mkono unafanya vilevile.

Na ule mruko wa hijazi, nusutoni tatu zinazoipa hijazi huzuni yake, kwenye vifungo si mruko. Ni jirani wa safu moja, kila mara, kwa kila ki. Aliyeipanga ramani hii hakuwa akifikiria taarab hata kidogo, lakini kwa maqamu unayoyapiga wewe imekaa kana kwamba iliagizwa. Nahawandi nayo hivyohivyo, umbo moja kwa ki zote, na hata ule mruko wake wa juu, A flati kwenda B kwa nahawandi ya C, ni majirani wa safu moja.

Ndiyo maana nilisema usiyadharau marudio. Hesabu safu. Zikiwa tano, unaweza kuanzia noti yoyote na umbo lako lina nafasi ya kuvuka, kwa hiyo kila mstari unajifunza mara moja tu. Zikiwa tatu tu, noti zote zipo lakini umbo linagonga ukingo: ukianzia safu ya tatu huna ya nne, unarudi safu ya kwanza kwa hatua nyingine. Hapo kila mstari una namna tatu za vidole badala ya moja. Bado ni nafuu kuliko 12 za piano, lakini raha imepungua. Nne iko katikati na inatosha watu wengi.

Kuna pia umbali. Oktavu ya kodiani ya piano yenye vitufe vya ukubwa wa kawaida ni kama sentimita 14. Kwenye vifungo ni vifungo vinne tu kwenye safu, karibu nusu ya hapo. Mkono wa kawaida unavuka oktavu mbili bila kuhama. Kwa zile nakshi za kujibu fidla, za haraka na zenye kuruka juu ukarudi, utaona tofauti. Na sanduku lenyewe linabeba noti nyingi zaidi kwa urefu uleule. Piano ya ukubwa kamili ina vitufe 41, bayan kubwa ina noti 64. Ile ya besi 48 uliyooneshwa kwa kawaida huwa na vitufe kati ya 26 na 34, basi vihesabu kabla ya kupatana bei. Vikiwa 26 una oktavu mbili na noti moja juu yake. Kwa mtu anayetaka kupiga mbele kundini, hizo zitakubana mapema sana.

Sasa ugumu. Wanaosema vifungo ni vigumu hawasemi uongo, ila hawasemi ugumu uko wapi. Hauko kwenye kasi wala kwenye kunyoosha vidole. Uko kwenye kupotea. Kodiani huitazami, iko kifuani. Kwenye piano vidole vinapapasa vitufe vyeusi, viwili kisha vitatu, na unajua ulipo hata gizani. Vifungo vyote vimefanana. Rangi nyeusi na nyeupe vilizopakwa zinamsaidia anayekutazama, si wewe. Baadhi ya watengenezaji huweka vifungo vyenye mikwaruzo kwenye noti za C na F. Papasa uone kama vipo, na kama havipo, fundi anaweza kukuwekea alama ndogo juu ya C.

Tena kosa la vifungo lina sauti mbaya kuliko kosa la piano. Ukiteleza kwenye piano mara nyingi unaangukia noti jirani ya skeli, na msikilizaji anaweza kudhani ni nakshi. Ukiteleza kwenye vifungo unaangukia nusutoni moja, mbili au tatu kutoka ulikokuwa unakwenda, na ukumbi mzima unageuka. Miezi ya mwanzo usipande nayo jukwaani.

Na kuna upweke, ambao watu hawautaji. Kodiani iliyozoeleka kwenye taarab ya pwani ni ya piano. Ukivuka kwenda Unguja, kwenye vikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanza mwaka 1905, au Culture Musical Club, utaokota mengi kwa masikio, lakini kuokota kwa macho, kutazama vidole vya mzee na kuviiga, hutaweza ukiwa na vifungo. Itabidi usikie noti, uitafute mwenyewe kwenye ramani yako. Mtu mwenye sikio zuri haimsumbui. Asiye nalo atakata tamaa, na wewe unajijua zaidi ninavyokujua.

Upande wa kushoto nisikuchoshe. Kodiani ya piano na ya vifungo ya kromatiki kwa kawaida zina besi za mpangilio mmoja, unaoitwa Stradella: besi zimepangwa kwa hatua za C, G, D, A kwa urefu, na kando ya kila besi kuna koadi zilizotengenezwa tayari, meja, mina na nyinginezo. Ile ya besi 120 ni mistari 20 yenye vifungo sita sita. Kwa hiyo besi zisikuamulie. Taarab ya Tanga tangu enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star ilishazoea gitaa la umeme na gitaa la besi. Kundi lenye mpiga besi halihitaji mkono wako wa kushoto umkanyage, na zile koadi tayari hugombana na hijazi mara nyingi kuliko zinavyopatana nayo. Mkono wa kushoto kazi yake kubwa kwako itakuwa mvukuto. Ya besi 120 huweza kufika kilo 10 na zaidi, na harusi za Tanga unazijua zinavyokesha.

Jambo moja halitatuliwi na mpangilio wowote. Ukija kupiga maqamu ya rasti au bayati ya kweli, ile E ambayo si E wala si E flati haipo kwenye piano wala kwenye vifungo. Sauti inatoka kwenye ndimi za chuma zilizo ndani, na ulimi hupiga noti iliyosuguliwa kuipiga, basi. Misri wapo waliozitengeneza upya ndimi ili kupata noti hizo za robo toni. Kwa hijazi na nahawandi utavumilika, ingawa mpiga fidla mwenye sikio kali atakuambia hijazi yako ya kodiani haijakaa sawasawa, na atakuwa na haki.

Kabla ya kulipa, kagua afya ya ala, kwa sababu mpangilio mzuri kwenye sanduku bovu ni hasara. Fungua kamba za mvukuto, shika kodiani kwa upande mmoja bila kubonyeza chochote, uache upande wa pili uning'inie. Ukishuka taratibu, mvukuto mzima. Ukianguka, unavuja. Piga kila kifungo kwa kusukuma na kwa kuvuta, kwa sauti ndogo na kubwa. Kisichoitika upande mmoja huwa kina kutu au ngozi yake ndogo ya ndani imejikunja. Ndimi hizo kwa kawaida zimegandishwa kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na ulimbo, na joto la huku, hasa ndani ya gari lililofungwa au chini ya bati, huilegeza nta mpaka ndimi zinang'oka. Hewa ya chumvi ya baharini inamalizia chuma. Kwenye ya vifungo angalia pia vifungo vilivyozama visirudi: vyuma vyake vya ndani ni vingi na vimebanana kuliko vya piano, na fundi wa kuvinyoosha utamtafuta mpaka uchoke.

Ukiniuliza nafsi yangu ingechukua ipi: ikiwa ile ya vifungo ni kromatiki, ina safu nne au tano, na imepita ukaguzi, chukua hiyo, na kinanda chako kiendelee kukulisha kundini mpaka mkono ukomae. Ikiwa ni ya safu tatu, na ile ya piano ina vitufe 34, nitakwambia chukua piano. Na ikiwa mmeshachukua malipo ya awali ya harusi na kiongozi anataka kodiani isikike msimu huu, chukua piano bila kufikiri mara mbili, kisha anza kujifunza ki zako upya moja moja, kwa sababu kitufe cha kuhamisha ki umekiacha nyumbani.

Kama bado unasita, kuna jaribio lisilo na gharama. Chora vifungo vya safu tano kwenye kadibodi, vipishane kimshazari kama nilivyoeleza, andika noti kwa mpangilio C, ifunge kifuani wima na upige hijazi ya D kimyakimya bila kuitazama. Kisha anzia E flati. Mkono ukikubali kuhama bila wewe kufikiria, nenda dukani. Ukishapima, niandikie safu ni ngapi, kila safu ina vifungo vingapi, na nusutoni inapanda kwenda ndani au nje, nikuchoree nahawandi pamoja na vidole vyake.